Nafuu na Kupona: Tiba ya Kifua Kikuu Katika Nyanda za Juu za Kigoma

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza dawa Kasulu au Kibondo hupata nafuu mapema sana kuliko anavyopona. Homa ya jioni hukatika katika wiki za mwanzo, jasho la usiku hupungua, hamu ya chakula hurudi, na mwezi wa 2 unapokwisha wengi wameshashika jembe tena. Dawa, hata hivyo, huendelea hadi mwezi wa 6. Zamani ziliendelea hadi mwezi wa 8, na kabla ya hapo mwaka 1, hata mwaka 1 na nusu. Pengo hilo kati ya nafuu na kupona ndilo lililozaa karibu kila kanuni ya tiba hii: kulazwa wodini miezi 2, kumeza vidonge mbele ya msimamizi, kutoa makohozi upya wakati kikohozi chenyewe kimekwisha. Chanzo chake kimo mwilini. Dawa huua bakteria kwa mwendo wake, na seli za kinga hutulia kwa mwendo mwingine.

Nchi ya Waha, Buha, iko kati ya Ziwa Tanganyika na mabonde ya Malagarasi na Moyowosi. Kasulu ilikuwa kitovu cha utawala wa Heru. Kibondo ni Muhambwe, na kaskazini yake kuna Buyungu, ambayo tangu 2012 iko katika wilaya ya Kakonko. Mwaka huohuo Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu, kwa hiyo mtu anayesoma kumbukumbu za zamani za afya akikuta jina la Kasulu ajue kwamba eneo linalotajwa ni kubwa kuliko wilaya ya leo. Ni nchi ya vilima, ya mvua ya kutosha na asubuhi za baridi. Katika nyumba ya msonge ya zamani, familia ililala kuzunguka moto wa kuni, mlango ukiwa umefungwa, hewa ikizunguka humohumo. Bakteria wa kifua kikuu hudumu zaidi gizani na penye hewa iliyotuama. Juani hafui dafu.

Huingia kwa pumzi. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya pafu, na huko hukutana na makrofaji, seli kubwa ya kinga ambayo kazi yake ni kumeza kila kigeni. Makrofaji humeza kweli, lakini bakteria huyu amevaa ganda la nta, na anajua kuzuia kifuko kilichommeza kisiungane na kifuko kingine chenye tindikali na vimeng'enya vya kumsaga. Basi anabaki hai ndani ya tumbo la askari. Hana haraka: hugawanyika mara 1 kwa saa 20 hivi, ilhali bakteria wa kawaida wa utumbo huweza kugawanyika kila dakika 20. Wiki kadhaa hupita kabla habari zake hazijafika kwenye tezi za limfu na seli aina ya T kufundishwa kumtambua. Zikishafundishwa, seli hizo husafiri hadi pafuni, hutoa kemikali iitwayo interferoni gama inayoamsha makrofaji, na kwa pamoja humzingira adui ndani ya kinundu ambacho madaktari hukiita granuloma. Kwa walio wengi mambo huishia hapo. Kati ya watu 100 walioambukizwa wasio na VVU, 5 hadi 10 ndio watakaougua wakati wowote maishani.

Kwa hao wachache ukuta wa kinundu hubomoka. Seli nyeupe aina ya neutrofili humiminika, vimeng'enya vya mwili wenyewe huyeyusha tishu, na pafu hutoboka pango ambamo bakteria wanaweza kufikia milioni 100. Jambo moja hapa halisemwi vya kutosha katika vijitabu vya afya: bakteria wa kifua kikuu hana sumu kali kama ile ya pepopunda au dondakoo. Homa, kukonda na jasho la usiku ni matokeo ya kemikali zinazomwagwa na seli za kinga zinapopigana naye. Mgonjwa hukondeshwa na vita. Ndiyo maana vita ikipungua makali hunenepa, hata kama maadui wachache bado wamejificha.

Pande zote mbili za vita hiyo ziligunduliwa mwaka mmoja. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amemwona bakteria. Mwishoni mwa mwaka huo, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, Mrusi Ilya Mechnikov alichoma miiba kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza na kuona seli zikiizunguka ili kuimeza. Huo ulikuwa mwanzo wa elimu ya seli walaji. Mwaka 1890 Koch alitoa dawa aliyoiita tuberkulini, iliyotengenezwa kwa bakteria, akitumaini ingeponya. Wagonjwa wengi walipata homa kali na baadhi yao walizidiwa, kwa sababu tuberkulini ilichochea seli za kinga zilizokuwa tayari zimewaka. Ilibaki kuwa kipimo cha ngozi. Koch alifika Afrika Mashariki pia, na mwaka 1906 alikuwa katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, lakini alikuja kwa ajili ya malale. Kwa ajili ya kifua kikuu, mtafiti wa kiwango hicho hakuwa ametumwa upande huu.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Chini ya Waingereza reli hiyo iliifanya Buha kuwa hazina ya vibarua. Maelfu ya vijana wa Kasulu na Kibondo waliondoka kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakifanya kazi kwa kipande, na tangu 1944 chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU kiliwakusanya kwa mpango maalumu. Kambini walilala wengi katika chumba kimoja. Hapa tabia ya seli za kinga inaeleza jambo ambalo historia ya uchumi peke yake haiwezi kulieleza. Bakteria aliyezingirwa kwenye kinundu anaweza kutulia miaka mingi kabla ya kuamka, kwa hiyo mtu aliyeambukizwa kambini Tanga angeweza kurudi kwao akiwa mzima wa afya, akaoa, akajenga, kisha akaanza kukohoa siku ambayo mkonge umeshasahauliwa. Ugonjwa ulionekana kuzuka nyumbani, ingawa ulibebwa kwa treni.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na macho kwa maradhi mengine. Kuanzia 1933 wakazi wa sehemu kubwa za Buha walihamishwa na kukusanywa katika makazi yaliyofyekwa ili kuwaepusha na ndorobo, mbung'o waenezao malale. Ilikuwa operesheni kubwa, na ilisimama juu ya wazo kwamba ugonjwa huzuiwa kwa kuhamisha watu. Kwa malale wazo hilo lilikuwa na mantiki, kwa kuwa ndorobo hukaa porini. Kwa kifua kikuu halikusaidia kitu, kwa kuwa bakteria huhama pamoja na mwenyeji wake na hufurahia majirani. Matibabu ya kawaida yaliletwa zaidi na misheni: hospitali ya Wakatoliki Kabanga, ya Waanglikana Shunga, na ya Waadventista wa Sabato Heri, katika milima ambayo sasa iko Buhigwe.

Kabla ya dawa, tiba iliyokubalika duniani ilikuwa mapumziko, chakula na hewa safi. Tanganyika ilipata sanatoriamu yake mwaka 1926 huko Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mtu wa Kibondo aliyetaka kufika huko angeshuka hadi reli, avuke nchi nzima kwenda mashariki, kisha apande kaskazini. Wachache mno wangeweza. Na hata waliofika walikwenda kusubiri tu seli zao wenyewe zishinde au zishindwe. Mapumziko yaliwasaidia baadhi, kwa sababu mwili ulioshiba na kulala una nguvu ya kujenga ukuta wa kinundu upya, ila hakuna bakteria aliyeuawa na hewa ya mlimani.

Dawa ya kwanza iliyomuua bakteria ndani ya mgonjwa, streptomaisini, ilipatikana Marekani mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman, kwa mikono ya mwanafunzi wake Albert Schatz. Waingereza waliijaribu kwa wagonjwa 107. Katika miezi 6, kati ya 55 waliochomwa sindano walikufa 4, na kati ya 52 waliopumzishwa tu walikufa 14. Matokeo hayo yalichapishwa 1948 na kushangiliwa, lakini yalikuwa na kivuli: wengi waliopata nafuu walirudi kuugua, wakiwa na bakteria wasioogopa tena streptomaisini. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi. Picha zilizopigwa mwaka huo katika hospitali ya Sea View mjini New York ziliwaonyesha wagonjwa wakicheza kwenye korido, watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani. Picha hizo zilikuwa za kweli, ila zilionyesha nafuu. Isoniazidi ikitumiwa peke yake nayo ilizaa usugu baada ya miezi michache. Tangu hapo kanuni ikawa moja: kamwe dawa moja.

Afrika Mashariki ilihitaji dawa ya pili isiyo ghali. Thiasetazoni, iliyotoka katika kazi ya Gerhard Domagk wa Ujerumani miaka ya 1940, ilikuwa ya bei ndogo, na utafiti uliofanywa kwa ushirikiano wa nchi za Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulionyesha kwamba inaweza kufungwa pamoja na isoniazidi katika kidonge kimoja. Mgonjwa alianzishiwa sindano za streptomaisini, kisha akameza kidonge hicho kwa miezi 12 hadi 18. Kwa mkulima wa vilimani, hiyo ni misimu miwili ya kupanda na kuvuna. Wengi waliacha njiani. Kulaumu uvivu wao, kama baadhi ya maofisa walivyofanya, ni kusahau kwamba mtu huyo alijisikia mzima tangu mwezi wa 2.

Mwaka 1970 ushirikiano huohuo ulianza jaribio lililobadilisha tiba ya dunia nzima. Wagonjwa wa Afrika Mashariki walipewa mchanganyiko wa dawa kwa miezi 6 tu, wakalinganishwa na wengine waliotumia dawa kwa miezi 18. Mchanganyiko wa streptomaisini na isoniazidi ulipoongezewa rifampisini, dawa iliyotengenezwa Milan miaka ya 1960, waliougua tena walikuwa kama 3 kati ya 100, sawa na wale wa miezi 18. Ulipoongezewa pirazinamidi, walikuwa 8 hivi. Ulipoachwa bila hata moja ya hizo mbili, walizidi 20. Cha kuzingatia ni kwamba makohozi ya karibu wote, katika makundi yote, yalikuwa safi tiba ilipomalizika. Tofauti ilijitokeza baadaye, miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo kulikuwa na bakteria ambao hadubini haiwaoni, mgonjwa hawahisi, na dawa za zamani haziwafikii.

Hao ni akina nani? Jibu lilianzia Nairobi. Mwaka 1980 Amina Jindani, Denis Mitchison na wenzao walichapisha matokeo ya kuhesabu bakteria hai katika makohozi ya wagonjwa 124, siku baada ya siku tangu dawa zianze. Isoniazidi iliua zaidi ya 90 katika kila 100 ndani ya siku 2 za mwanzo. Kisha kasi ikapungua ghafla. Mitchison akaeleza kwamba bakteria ndani ya mgonjwa mmoja hawako katika hali moja. Wengi hugawanyika kwa nguvu kwenye kuta za mapango, na hao isoniazidi huwafyeka. Wengine wamelala na huamka kwa vipindi vifupi, na rifampisini huwawahi wanapofumbua macho. Kundi jingine limo katika mazingira ya tindikali, mahali ambapo uvimbe na seli za kinga zenyewe zimechachusha tishu, na hapo pirazinamidi ndiyo dawa, kwa maana pasipo tindikali haifanyi kazi.

Maelezo hayo yanastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndiyo mahali ambapo dawa na kinga hukutana waziwazi. Tindikali anayohitaji mtumiaji wa pirazinamidi hutengenezwa na vita ya seli zake mwenyewe. Dawa nyingine zinapopunguza bakteria, neutrofili na monosaiti hupungua katika damu, uvimbe hushuka, tindikali nayo hutoweka, na pirazinamidi hubaki bila kazi. Hiyo ndiyo sababu inayokubalika zaidi ya pirazinamidi kutolewa miezi 2 ya mwanzo tu, kanuni inayofuatwa hadi leo katika zahanati za Buha. Watafiti wa Korea walionyesha mwaka 2012 upande mwingine wa uhusiano huo: isoniazidi na pirazinamidi huchochea makrofaji zilizoambukizwa kuanzisha utaratibu wa kujisafisha, seli ikifungasha na kusaga uchafu wake wa ndani, na utaratibu huo ukizimwa, dawa hupoteza sehemu ya nguvu yake. Kidonge, basi, humwamsha askari aliyekuwa ametekwa.

Katika miaka ya 1970 na 1980 Tanzania ilichukua elimu ya majaribio ya Afrika Mashariki na kuifanyia utaratibu. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilikusanya wananchi katika vijiji kando ya barabara. Ilikuwa hama-hama ya pili kwa baadhi ya familia zilizokwisha kuhamishwa katika makazi ya malale, na iliacha machungu. Kwa tiba, hata hivyo, ilileta jambo jipya: kijiji chenye jina, karibu na barabara, ambacho zahanati ingeweza kujengwa ndani yake na mgonjwa aliyepotea angeweza kutafutwa. Mwaka 1977 Wizara ya Afya ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa msaada wa umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, ambao mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo. Huyu alikuwa Mcheki aliyeugua kifua kikuu katika kambi ya mateso ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alijua kwa mwili wake maana ya kusubiri.

Kuunganisha kifua kikuu na ukoma kulikuwa na busara. Bakteria wa magonjwa hayo ni ndugu, yote mawili hutibiwa kwa muda mrefu, na mratibu mmoja wa wilaya mwenye pikipiki angeweza kufuatilia wagonjwa wa aina zote mbili. Moyo wa mpango ulikuwa rejista. Kila mgonjwa aliandikwa namba, kijiji, uzito na matokeo ya makohozi ya mwanzo, ya mwezi wa 2 na ya mwisho. Kila robo mwaka mratibu alilazimika kueleza kila jina limeishia wapi: amepona, amemaliza matibabu, amekufa, ameshindikana, ametoroka, amehamia kwingine. Miaka ya 1980 tiba ya miezi 8 ilianza kuenezwa. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa alilazwa na kupewa streptomaisini, rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi mbele ya muuguzi. Miezi 6 iliyobaki alichukua vidonge vya thiasetazoni na isoniazidi kwenda navyo nyumbani. Rifampisini haikuruhusiwa kutoka nje ya macho ya mhudumu, kwa hofu ya usugu. Katika kila wagonjwa 100, karibu 80 walipona. Uchambuzi wa gharama katika Tanzania, Malawi na Msumbiji, uliochapishwa 1991, ulithibitisha kwamba tiba hii ni miongoni mwa njia rahisi kabisa za kuokoa maisha, na Shirika la Afya Duniani likaeneza mfano huo ulimwenguni. Vijiji vya Tanzania viliifundisha dunia. Jambo hilo halijapewa nafasi inayostahili katika vitabu vya historia vya shule.

Kisha vikaja VVU. Kirusi hiki huua hasa seli T zenye alama ya CD4, zilezile zinazoamrisha makrofaji na kushikilia ukuta wa kinundu. Wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa Tanzania walikuwa karibu 12,000 mwaka 1983. Miaka 20 hivi baadaye walizidi 60,000. Mkoa wa Kigoma umekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya chini ya VVU, lakini haukunusurika. Pigo la kwanza kwa tiba lilitoka kwa dawa ya bei ndogo. Uchunguzi wa Nairobi uliochapishwa 1991 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa kifua kikuu wenye VVU waliotumia thiasetazoni, takriban mmoja kati ya 5 alipata madhara ya ngozi, mengine ya kutisha, ngozi ikichubuka kama iliyoungua, na baadhi walikufa. Kinga iliyovurugika iliigeukia dawa. Ethambutoli ikachukua nafasi ya thiasetazoni.

Dawa za kupunguza makali ya VVU zilipofika miaka ya 2000, zilileta kitendawili kingine. Mgonjwa wa vyote viwili, aliyekuwa anaendelea vizuri, huweza kuvimba tezi za shingo na kupata homa upya wiki chache baada ya kuanza dawa za VVU. Bakteria hawajaongezeka. Seli za CD4 zimerudi kazini, zimekuta mabaki ya bakteria kila mahali, na zimeanza vita iliyokuwa imesitishwa. Mhudumu asiyelijua hili atadhani dawa zimeshindwa. Ndiyo maana dawa za kifua kikuu hutangulizwa, na zile za VVU hufuata baada ya siku au wiki chache, isipokuwa kifua kikuu cha ubongo ambacho husubiriwa zaidi, kwa kuwa uvimbe ndani ya fuvu hauna pa kwenda.

Kasulu na Kibondo zilikuwa na jaribu la peke yao. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, na tena vita ilipopamba moto Kongo mwaka 1996, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka. Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu zilijaa upande wa Kasulu. Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago upande wa Kibondo. Warundi walikuja na neno lao, igituntu, na Waha walilielewa bila mkalimani. Kuwatibu kuliibua swali gumu. Mwongozo wa kimataifa wa miaka hiyo ulishauri kifua kikuu kisianze kutibiwa kambini mpaka vifo vimeshuka chini ya mmoja kwa siku katika kila watu 10,000, maji na chakula vipo, na watu wanatarajiwa kukaa angalau miezi 6. Ushauri huo unaonekana mkatili kwa mtu asiyejua mwendo wa ugonjwa. Sababu yake ni kwamba dawa zinazokatizwa mwezi wa 2 huacha mgonjwa mwenye nafuu, mwenye nguvu za kutembea mbali, na mwenye bakteria waliokwisha kuionja rifampisini.

Utulivu ulipopatikana, tiba kambini ilifuata mpango wa taifa: rejista zilezile, dawa zilezile, mratibu wa wilaya akihesabu wenyeji na wakimbizi. Misafara ya kurudi Burundi ilipoanza mwaka 2002, mgonjwa aliyehama katikati ya tiba alihitaji barua ya rufaa na dawa za kumfikisha kwenye kituo cha upande wa pili. Mwaka 2015 mzunguko ulianza upya. Nyarugusu ilipita watu 150,000, na Nduta, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa Oktoba. Hema za plastiki zilizobanana zilifanana na kambi za mkonge za babu wa Waha, tofauti ikiwa kwamba safari hii maabara ilikuwa ndani ya uzio.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 2000, Tanzania ilikwisha kuachana na miezi 8 na kuingia miezi 6, rifampisini ikitolewa mwanzo hadi mwisho. Mgonjwa aliruhusiwa kuchagua kumeza dawa kituoni au nyumbani chini ya ndugu aliyemteua. Wodi zilipungukiwa na watu. Wenye usugu mkubwa walianza kutibiwa Kibong'oto mwaka 2009, na kwa muda mtu wa Kigoma aliyepatwa na balaa hilo alilazimika kusafiri njia ileile ndefu ya enzi ya sanatoriamu, kabla huduma haijasogezwa mikoani. Kipimo cha kusoma vinasaba, kilichoidhinishwa kimataifa Desemba 2010, kilileta majibu ndani ya saa 2 pamoja na habari za usugu wa rifampisini. Hakifai, hata hivyo, kufuatilia tiba, maana husoma vinasaba vya bakteria aliyekufa sawa na vya aliye hai.

Swali la nani amepona kweli ndilo limewarudisha watafiti kwenye seli za kinga. Mbeya, katika kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Bagamoyo, katika Taasisi ya Afya Ifakara, damu ya watoto ilipimwa kwa njia mpya iliyochapishwa 2014. Badala ya kumtafuta bakteria, kipimo husoma alama zilizo juu ya seli T zinazomjua. Seli iliyo vitani hupoteza alama iitwayo CD27. Utafiti wa Mbeya uliofuata mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa wakiwa kwenye dawa: alama za seli iliyowaka, CD38, HLA-DR na Ki67, zilififia wiki baada ya wiki, na CD27 ikarejea. Waliosafisha makohozi upesi walitulia mapema. Waliochelewa, seli zao ziliendelea kuwaka. Lakini kutulia kwa damu si kutulia kwa pafu. Picha za mapafu zilizochapishwa 2016 kutoka Afrika Kusini zilionyesha kwamba wengi waliohesabiwa kuwa wamepona bado walikuwa na sehemu zilizovimba mwezi wa 6.

Majaribio ya kufupisha tiba yalikumbana na ukweli huohuo. Mwaka 2014 matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 1,931, baadhi yao wa Tanzania na Kenya, yalionyesha kwamba kuingiza moksifloksasini katika tiba ya miezi 4 kulisafisha makohozi haraka kuliko tiba ya kawaida, na bado waliougua tena wakawa wengi zaidi. Mwaka 2021 mchanganyiko mwingine wa miezi 4, wa rifapentini na moksifloksasini, ulifaulu. Watoto wenye ugonjwa usio mkali nao wamethibitishwa kutosheka na miezi 4.

Kipimo cha seli T kimebaki katika maabara za utafiti. Zahanati ya kijijini ina mizani ya kupima uzito, kikopo cha makohozi na kadi ya mgonjwa. Makohozi huchukuliwa mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, huwekwa kwenye kioo na kutiwa rangi, na mtaalamu wa maabara hutafuta vijiti vya bakteria. Visipoonekana mwezi wa mwisho, na katika kipimo cha kabla yake wakati wa tiba pia havikuonekana, rejista huandikwa kwamba mgonjwa amepona. Aliyemeza kidonge cha mwisho bila kupimwa huandikwa safu nyingine, ya waliomaliza matibabu.